Huduma ya hita ya gesi: nililipia vipimo, si brashi

Nianze na hukumu, mwenye haraka aondoke nayo: nyota nne kati ya tano, na mwakani nitamwita fundi huyuhuyu. Nyota ya tano imepotelea kwenye karatasi ya kazi, nitaifikia.

Hita yangu ni ile inayochemsha maji papo hapo, haina tangi. Inatumia gesi ya mtungi, imefungwa ukutani kwenye kijistoo kinachopakana na jiko, na bomba lake la moshi linapanda lenyewe hadi nje bila feni ya kusukuma. Nayataja haya kwa sababu hita yenye tangi, au yenye feni ndani yake, ina mambo mengine ya kukaguliwa. Kilichonifanya nipige simu ni kwamba ukifungua maji ya moto hita ilichelewa kushika, halafu ikashika kwa kishindo, "buf!", kiasi cha kutetemesha kava. Na ukichungulia kwenye kidirisha, ndimi za moto zilikuwa zimeanza kuota ncha za njano. Moto mzuri wa gesi ni wa buluu, umetulia, haurukiruki.

Ilishawahi kufanyiwa sevisi na fundi wa kampuni nyingine ambayo sitaitaja. Alifungua kava, akapuliza vumbi, akalifuta kava kwa kitambaa mpaka likang'aa, akafunga. "Iko safi, mama." Na kweli ilikuwa safi. Alichopima ni hakuna. Kwa hiyo safari hii kila niliyempigia nilimuuliza swali moja tu: unakuja na mashine ya kupima moshi? Wengine wakauliza mashine gani hiyo. Huyu akaniuliza hita inatumia gesi gani na bomba la moshi linatokea wapi. Nikamwambia aje.

Alipofika aliacha bisibisi kwenye mkoba. Kwanza alisoma lile bati dogo la taarifa ubavuni mwa hita, akalinganisha na mtungi. Nikadhani anapoteza muda, kumbe ana sababu: hita iliyotengenezwa kwa gesi asilia ina jeti (vile vipua vinavyopitishia gesi) zenye matundu makubwa kuliko ya hita ya gesi ya mtungi, na ukiifunga kwenye mtungi inamwaga gesi nyingi kuliko hewa inayoweza kuichoma. Kuna watu wananunua hita iliyokwisha kutumika na kuifunga tu kwa sababu mpira umeingia.

Kisha akataka kuiona hita ikiwaka kama inavyowaka siku zote. Akaingiza kijiti cha mashine yake kwenye njia ya moshi, tukasubiri. Kaboni monoksidi, ile gesi ya sumu inayotoka moto usipoungua vizuri, ilisoma 600 na ushee kwa kipimo cha sehemu kwa milioni, ile ppm. Akatikisa kichwa, akaandika kiganjani kwa kalamu (kiganjani, mtu mwenye mashine ya kisasa!). Halafu akafunga dirisha, akafunga milango, akaniomba niwashe feni ya jikoni, ile ya kuvuta mvuke juu ya majiko.

Hapa ndipo pesa yangu ilipofanya kazi. Aliwasha kijiti kinachotoa uzi mwembamba wa moshi mweupe, akakisogeza kwenye uwazi ulio juu ya hita, pale bomba la moshi linapoanzia. Kabla ya feni, uzi ule ulikuwa umepinda na kuvutwa ndani ya bomba kama kawaida. Feni ilipochanganya, ukasita. Ukatikisika. Kisha ukageuka taratibu na kumjia yeye usoni. Akazima hita papo hapo, akafunga koki ya mtungi, ndipo akanieleza.

Feni ya jikoni inatoa hewa nje ya nyumba. Nyumba ikiwa imefungwa kila upande, hewa ile lazima ipate pa kurudia, na njia iliyo rahisi kuliko zote ni bomba la moshi la hita. Basi hewa ya nje inashuka kwa bomba, na moshi wa hita, badala ya kupanda, unamwagika stoo, kisha jikoni, kisha vyumbani. Hita yenyewe inaweza kuwa haina ubovu wowote. Na ikianza kupumua moshi wake wenyewe, oksijeni inapungua, moto unazidi kuwa mchafu, kaboni monoksidi inazidi.

Gesi hiyo haina rangi wala harufu. Ile harufu mbaya tunayoijua huwekwa makusudi kwenye gesi ya mtungi ili ikivuja tuisikie, lakini inaungua pamoja na gesi. Gesi mbichi inakupigia kelele. Moshi wake unakuja kimya. Kaboni monoksidi hung'ang'ania himoglobini ya damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na dalili zake zinafanana na za mafua: kichwa kinagonga, kizunguzungu, kichefuchefu, ila homa hakuna. Mkiumwa kichwa nyumba nzima halafu mkitoka nje mnapata nafuu, msirudi ndani kutafuta panado. Zimeni hita kama mnaifikia, mkae nje, muite msaada.

Nikamwambia, "Fundi, si uisafishe tu, halafu nitakuwa sichanganyi feni na hita?"

"Mama, kusafisha nitasafisha. Kuwasha siwashi mpaka stoo ipate pa kuvutia hewa. Leo utakumbuka wewe, kesho atakuja mgeni."

Sikufurahi, maana maji ya moto nilikuwa nayataka jioni ileile. Lakini ndiyo tabia ninayoilipia. Tukaanza kutafuta, na nyuma ya kabati la stoo tukaona tundu la hewa la tangu nyumba inajengwa, limezibwa: aliyepiga plasta nje alipita nalo, na ndani mtu akamalizia kwa rangi. Mwashi akalizibua, akaweka wavu wenye macho mapana, maana wavu wa mbu hujaa vumbi ukawa ukuta. Akatoboa na jingine chini, usawa wa sakafu. La chini lina kazi yake: gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja hutambaa chini na kutuama kama maji, kwa hiyo lazima iwe na pa kutokea. Gesi asilia ni nyepesi, hiyo hupanda. Fundi akarudi kumalizia.

Kusafisha kwenyewe nitapita haraka, ila mambo mawili. La kwanza, kile kishindo cha kuwaka na zile ncha za njano. Alipochomoa bana, ile sehemu gesi inapowakia, alimulika tochi kwenye vijia vyake vya hewa, akaingiza brashi nyembamba ya manyoya, akatoa utando wa buibui umejisokota na vumbi kama kipande cha pamba. Kitu chepesi cha kupulizwa, lakini kilikuwa kinanyima gesi hewa inayotakiwa kuchanganyika nayo kabla ya kuwaka. Gesi inarundikana, cheche inaikuta imeshakuwa nyingi, ndiyo "buf" hiyo. La pili, jeti alizifuta na kuzipuliza, hakuzichokonoa kwa sindano wala waya. Tundu la jeti likipanuka hata kidogo tu, umeshabadilisha kiasi cha gesi na hita haitachoma sawasawa tena. Ukimwona fundi anatoa sindano, mzuie.

Masizi kwenye mapezi ya shaba, vile vibati vinavyopeleka joto kwenye maji, aliyapiga brashi laini kwa kufuata mapezi yalivyolala. Njia ya maji aliizungushia maji yenye asidi ya sitriki kwa pampu ndogo na ndoo, ikawa inatoa mapovu ya chokaa hadi yakakoma, kisha akaisuuza. Ile raba ya duara inayosukumwa na maji ili gesi ifunguke ilikuwa imekakamaa, akaweka mpya. Oringi, zile pete za raba za kuzuia uvujaji, zote alizozifungua alizibadilisha. Hakurudisha hata moja ya zamani.

Baada ya kufunga ndipo wengi huosha mikono. Yeye ndipo alipotoa manometa, kifaa cha kupimia presha ya gesi. Alipima kwanza kama presha inakaa palepale gesi ikiwa imefungwa pande zote: mshale ukishuka, kuna mahali panavuja hata kama pua haijasikia kitu. Kisha maungio yote akayapaka povu la sabuni, kuanzia regyuleta hadi kwenye hita, akitazama mapovu yanayovimba. Kibiriti hakigusi kazi hiyo, kamwe. Halafu hita ikiwa imefunguliwa hadi mwisho, akasoma presha ya gesi inayoingia na kuilinganisha na bati, ambalo kwangu linasema 2,800 Pa. Akachomoa waya wa sensa ya moto makusudi kuona kama gesi itajifunga. Ikajifunga. Mwisho akarudia kijiti cha moshi, milango imefungwa, feni inanguruma: uzi ukavutwa juu moja kwa moja. Na kaboni monoksidi njiani mwa moshi ikasoma 70 na kidogo.

Kutoka 600 hadi 70, na ukiitazama kwa nje ni hita ileile. Kava hata hakulifuta, nililifuta mwenyewe.

Kuhusu king'ora cha kaboni monoksidi, alikigeuza nyuma kusoma tarehe kabla ya kubonyeza kitufe. Kitufe kinakuambia spika na betri ni zima. Sensa ina umri wake, na ukipita unanunua kingine. Jambo ambalo sikulitarajia: ving'ora vilivyotengenezwa kwa viwango vya Ulaya havilii papo hapo. Kwenye 50 ppm hulia kati ya dakika 60 na 90, kwenye 300 ppm hulia ndani ya dakika 3. Kwa hiyo kikiwa kimya na kichwa kinauma, sikiliza kichwa. Na kisichanganywe na king'ora cha gesi inayovuja, ambacho kwa gesi ya mtungi hufungwa chini karibu na sakafu.

Sasa malalamiko. Karatasi aliyoniachia ilikuwa imeandikwa "sevisi imefanyika" na sahihi, basi. Vipimo vyote vilikuwa kiganjani mwake, na mkono huoshwa. Nilidai aviandike: presha, kaboni monoksidi kabla na baada, matokeo ya kijiti cha moshi, sehemu zilizobadilishwa. Akaandika bila kununa, lakini isingekuwa ya kudai. Fundi wa mwakani, hata akiwa mwingine, atalinganisha na nini? Pia alichelewa kufika, na simu hakupiga.

Aliniachia kazi zangu mimi mwenyewe, ambazo nakubali hazihitaji fundi: kubadili betri za cheche kabla hazijachoka kabisa, kufunga maji na kusuuza kichujio cha pale maji yanapoingilia, kupaka povu kwenye mpira wa gesi na kuangalia tarehe iliyochapwa juu yake, kutorundika vitu mbele ya matundu ya hewa, na kuchungulia rangi ya moto. Skrubu yoyote iliyopakwa rangi ya kuizibia ni ya mwenye manometa. Na ikinuka gesi: funga mtungi, fungua madirisha, swichi usiiguse hata kwa kuizima, na simu kapigie nje.

Mwenye hita ya tangi aongee naye vizuri kabla hajaja. Hufanya hizo pia, lakini aliniambia wazi kwamba fimbo za anodi hatembei nazo, na tangi lisilo na fimbo hiyo ya magnesi kutu inalila lenyewe. Basi umwagize aje nayo ya kipimo chako, amwage matope ya chini ya tangi, na aijaribu vali ya usalama, ile inayofunguka presha ikizidi au maji yakikaribia kuchemka. Bomba la vali hiyo likidondosha maji, fundi wako wa kawaida atashawishika kuliziba. Asilizibe.