Golden State ya Kevin Durant: injini kali, kadi ya gari ina jina la Curry

Ukiikagua kama watu wanavyokagua gari la mkononi kabla ya kulipa, Golden State Warriors, timu ya mpira wa kikapu ya NBA, ligi ya Marekani, katika misimu mitatu aliyokaa Kevin Durant (2016 hadi 2019) haina kasoro ya kutisha. Injini inanguruma, bodi haina mkwaruzo, matairi mapya. Utata uko kwenye kadi: jina la mmiliki ni Stephen Curry, nyota aliyekuwepo kabla yake. Dereva mpya alilikanyaga vizuri kuliko yeyote, akafika alikokwenda mara mbili, na bado abiria wakishuka wanamshukuru mwenye gari.

Tuanze na ununuzi, maana hapo ndipo lawama nyingi, za kujiunga na timu iliyokuwa tayari kali, hupotea njia. Mkataba wa Durant na Oklahoma City Thunder uliisha kiangazi cha 2016, akawa huru kwenda anakotaka. Kwa kawaida timu kama Golden State, iliyotoka kushinda mechi 73 na kupoteza 9, haina pa kumweka mchezaji wa bei yake. Mwaka ule mambo matatu yalikutana. Fedha za mkataba mpya wa ligi na televisheni, dola bilioni 24 kwa miaka 9, ziliingia kwa mkupuo kwa sababu chama cha wachezaji kilikataa ziingizwe kidogo kidogo, na kikomo cha jumla ya mishahara ya timu kikaruka kutoka dola milioni 70 hadi 94.1 kwa msimu mmoja. Curry naye alikuwa bado kwenye mkataba wake wa 2012, milioni 44 kwa miaka minne, aliousaini wakati vifundo vya miguu vinamsumbua na hakuna aliyejua kama angedumu. Kwa hiyo mchezaji bora wa ligi mara mbili mfululizo alikuwa analipwa kama milioni 12. Kisha klabu ikakubali kubomoa benchi: Harrison Barnes na Andrew Bogut wakaenda Dallas, Festus Ezeli, Leandro Barbosa na Marreese Speights wakaondoka, mapengo yakazibwa na watu wa bei nafuu, Zaza Pachulia kwa milioni 2.9, David West na JaVale McGee kwa mshahara wa chini kabisa. Ondoa moja tu kati ya hayo na Durant asingevaa namba 35 pale Oakland.

Mwaka uliofuata alikubali kama milioni 25 ilhali kanuni zilimruhusu kudai zaidi ya milioni 34. Tofauti hiyo ndiyo iliyosaidia kuwabakiza wenzake Andre Iguodala na Shaun Livingston. Wanaomwita mchoyo hawajasoma risiti.

Ila kanuni zinasema lao na heshima inasema lake. Mchezaji akitoka Mtibwa Sugar kwenda Simba hakuna anayemnunia. Akitoka Simba kwenda Yanga wiki chache baada ya kutolewa na Yanga hao hao, tena Simba ndiyo iliyokuwa inaongoza, hapo hata mama yake atapigiwa simu. Mei 2016 Thunder waliongoza fainali ya kanda ya Magharibi dhidi ya Golden State mechi 3 kwa 1, na wa kwanza kushinda nne ndiye anayepita. Mechi ya sita, nyumbani kwao, Klay Thompson wa Golden State akatupia pointi tatu mara 11 na kumaliza na 41. Durant akafunga mitupo 10 kati ya 31. Ya saba wakaaga. Tarehe 4 Julai akatangaza kwamba anawafuata waliomtoa.

Watanzania wanamjua Durant wa Oklahoma kwa karibu kidogo, maana Hasheem Thabeet alikuwa naye kikosini kuanzia 2012 hadi 2014. (Thabeet huyo alichaguliwa wa 2 mwaka 2009 na Curry wa 7. Tuyaache.) Durant wa siku zile alikuwa dereva, utingo na fundi: mfungaji bora wa ligi mara nne, mchezaji bora wa msimu wa 2014. Angebaki akashinda pete moja ya ubingwa pale, uzito wake leo usingekuwa wa pete moja.

Sasa injini yenyewe, ambayo ndiyo sababu ya kuandika tathmini hii.

Mashambulizi ya kocha Steve Kerr yalitegemea mwendo: pasi nyingi, Curry na Thompson wanazunguka nyuma ya migongo ya wenzao bila mpira, mabeki wanachanganyikiwa, mtu anabaki peke yake. Ugonjwa wake ulionekana fainali ya 2016 dhidi ya Cleveland. Mechi ikibana, refa akiacha watu washikane, mabeki wakibadilishana watu bila kufuata skrini (mchezaji anayesimama kumzuia beki ili mwenzake apite), mwendo unakwama, na mwisho wake ni Curry peke yake anahangaika na mtu mrefu. Dakika ya mwisho ya mechi ya saba alikuwa anakabwa na Kevin Love, akatupa, akakosa. Pembeni, Barnes alikuwa ameachwa wazi makusudi. Katika mechi tatu za mwisho alifunga mitupo 5 kati ya 32.

Durant alitibu yote mawili. Alikaa alipokaa Barnes, na hakuna kocha mwenye akili timamu anayemwacha Durant wazi. Mwendo ulipokwama, mpira ulipewa yeye, kwa sababu mtu wa karibu mita 2.1 anayeachia mpira juu ya kichwa chake hahitaji skrini wala nafasi. Anahitaji kudunda mara mbili tu. Angalia mechi ya kwanza ya fainali ya 2017: Durant anapanda na mpira kwa kasi katikati ya uwanja, mabeki wa Cleveland wanamtazama, wanakumbuka kwamba Curry yuko kwenye mstari wa pointi tatu, wanamkimbilia Curry. Durant anapita katikati kama anavuka barabara alfajiri, anadanki bila kuguswa. Alimaliza na pointi 38. Picha hiyo moja inaeleza kila kitu, kizuri na kibaya. Ubaya tutaurudia.

Msimu ule waliufunga kwa 67 na 15, kisha mtoano 16 kwa 1. Fainali Durant alikuwa na wastani wa pointi 35.2. Mtupo wa kukumbuka ni wa mechi ya tatu, Cleveland: wenyeji wanaongoza 113 kwa 111, Kyle Korver anakosa kutoka kona, Durant anachukua ribaundi, yaani mpira uliokosa na kurudi, mwenyewe, anapanda na mpira bila haraka, LeBron James, nyota wa Cleveland, anarudi nyuma akijua kinachokuja. Zimebaki sekunde 45.3. Durant anasimama upande wa kushoto, nje kidogo ya mstari, anatupa juu ya mkono wa LeBron. Kwa watazamaji wa Dar na Nairobi kulikuwa kumeshakucha. Mwaka mmoja baadaye, uwanja ule ule, mechi ya tatu vilevile, akafunga mwingine karibu pale pale, safari hii kutoka mbali zaidi, na kumaliza na 43. Mchezaji bora wa fainali mara mbili, na hakuna mwenye hoja ya maana ya kumnyang'anya hata moja.

Kasoro zilianza kuonekana msimu wa pili. Houston ya 2018 ilijengwa kwa kazi moja tu, kuikwamisha Golden State: kila skrini wanabadilishana watu, hawamfuati Curry kokote. Dawa ilikuwa Durant mtu kwa mtu, na dawa ikizidi huwa sumu. Mpira ulikaa mkononi mwake, wengine wanne wakasimama kama wanasubiri daladala. Houston wakaongoza 3 kwa 2. Chris Paul akaumia msuli wa paja, na mechi ya saba Houston wakakosa mitupo 27 ya pointi tatu mfululizo. Pete ya pili ilipitia tundu la sindano, jambo ambalo wanaosema "ilikuwa rahisi mno" hulisahau kwa makusudi.

Novemba 2018, dhidi ya Clippers, mwenzake Draymond Green alichukua ribaundi sekunde za mwisho, hakumpa Durant mpira, akaupoteza. Wakazozana mbele ya kamera na Green akasimamishwa mechi moja. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu alikuwa mwaka wa tatu na bado anaitwa mgeni.

Kilichoumiza jina lake zaidi kilitokea akiwa amekaa na suti. Mei 2019, mechi ya tano dhidi ya Houston, aliumia msuli wa nyuma ya mguu. Timu ikaenda Houston bila yeye. Curry hakufunga hata pointi moja kipindi cha kwanza, kisha akafunga 33 kipindi cha pili, Houston wakatolewa. Halafu Portland wakafungwa 4 kwa 0. Mwenye gari alishika usukani na gari likaenda, pengine likiyumba kidogo, lakini likafika fainali.

Kwetu hiki ndicho kipimo cha pete ya mtu aliyejiunga na timu kubwa, na kina sehemu tatu: timu ilifanya nini kabla hujaja, ilifanya nini siku ulizoumia, ilifanya nini ulipoondoka. Moses Malone alipokwenda Philadelphia 1982 timu ile ilikuwa imetoka kupoteza fainali, tena ya tatu ndani ya miaka sita. Akaja, wakashinda mtoano 12 kwa 1, hakuna anayempunguzia hata chembe, kwa sababu bila yeye mlango ulikuwa umegoma kufunguka. Kevin Garnett aliikuta Boston imetoka kushinda mechi 24 kwa msimu, wakashinda 66. LeBron alizomewa alipokwenda Miami 2010, ila kupoteza fainali ya 2011 kwa Dallas kulionyesha kwamba meza haikuwa imeandaliwa. Kisha akarudi Cleveland na kulipa deni kwa ubingwa wa 2016.

Durant anafeli sehemu zote tatu, na hakuna hata moja iliyo kosa la uchezaji wake. Kabla: ubingwa wa 2015, kisha ushindi 73. Alipoumia: Houston na Portland. Alipoondoka: ubingwa wa 2022, Curry, Thompson na Green wale wale, Curry akiwa mchezaji bora wa fainali kwa mara ya kwanza. Huo wa 2022 ulirudi nyuma ukaushusha bei ule wa 2017, jambo ambalo Durant hakuwa na namna ya kulizuia.

Huduma baada ya mauzo haikumsaidia. Brooklyn alikwenda na Kyrie Irving, akaongezwa James Harden. Watatu hao hawakufikisha hata mechi 20 pamoja uwanjani. Mechi ya saba dhidi ya Milwaukee, Juni 2021, alifunga 48, pamoja na mtupo wa sekunde ya mwisho wa kusawazisha ambao ungekuwa wa ushindi kama kidole cha kiatu kisingegusa mstari. Wakapoteza muda wa nyongeza, 115 kwa 111. Aprili 2022 Boston wakawatoa 4 kwa 0, na Juni Curry akawafunga Boston hao hao fainali. Ndipo Charles Barkley, mchezaji wa zamani na mchambuzi wa televisheni, alipokuwa akisema kuna wanaoendesha basi na wanaopanda. Ni kejeli ya kuonea kidogo, kwa sababu fainali za 2017 na 2018 aliyekuwa kwenye usukani dakika za mwisho anajulikana. Phoenix, alikohamia baadaye, nako hakikueleweka, 2024 walitolewa na Minnesota 4 kwa 0, na hadi anahamia Houston 2025 hakuwa ameongeza pete.

Alama zetu: kwa mpira wenyewe, tano kati ya tano. Kwa jina la mchezaji, mbili na nusu. Kama mfungaji hakupoteza kitu. Pointi zaidi ya 30,000 na dhahabu nne za Olimpiki haziulizi ulichezea klabu gani. Alichopoteza ni kiti kwenye meza ya wale wawili watatu wanaotajwa kwanza, na kiti hicho, kwa kipaji chake, kilikuwa karibu. Angekwenda Boston au angebaki Oklahoma, pete moja ingetosha kumkalisha. Pale Oakland hata nne zisingetosha.

Ukitaka kuziangalia upya mechi zenyewe, usianze na ushindi wa pointi 20, zinachosha. Anza na mechi ya sita ya Oklahoma 2016 ili ujue alichokimbia, kisha ya kwanza na ya tatu za fainali 2017, kisha ya saba ya Houston 2018, ukiangalia miguu ya wasio na mpira badala ya Durant. Malizia na mechi ya tano Toronto, 10 Juni 2019. Amerudi kutoka kwenye jeraha lile, timu iko nyuma 3 kwa 1, anafunga mitupo yake mitatu yote ya pointi tatu, pointi 11 kwa dakika 12. Robo ya pili anapewa mpira mbele ya Serge Ibaka, mwenzake wa zamani wa Oklahoma, anadunda kwenda kulia, anasimama. Anainama kushika kisigino. Golden State walishinda mechi ile kwa pointi moja, 106 kwa 105, na yeye hakuivaa tena jezi yao.