Krotoni mpya: mbegu za kuchanganya au tawi lililogeuka?

Wakuza miche wa Unguja hubishana mara kwa mara: anayetaka aina mpya ya krotoni ya pambo achanganye miti miwili apate mbegu, au ateue tawi lililogeuka rangi lenyewe?

Kwa gharama, tawi linashinda waziwazi. Ganda la tawi humenywa duara kwa kisu kikali, jeraha likafungwa kwa makumbi yaliyochambuliwa na kuloweshwa, kisha nailoni juu yake. Baada ya wiki kadhaa mizizi myeupe huonekana ikigusa nailoni, na mche hukatwa. Mbegu hudai subira: maua ya kiume na ya kike hukaa kwenye vikonyo tofauti vya mti uleule, chavua hupakwa kwa brashi, na miche mingi inayolelewa hutupwa kwa kukosa jipya. Hata hivyo, ni mbegu pekee inayoweza kuunganisha umbo la jani la mti huu na rangi za ule, na kwangu hilo lina uzito mkubwa.

Utunzaji wa tawi lenye mabaka hauishi. Chipukizi la kijani kitupu likijitokeza, likatwe mapema, kwani hukua haraka na kuumeza mti.

Mwenye uwanja mdogo Mwera anayeuzia hoteli atafaidika na tawi. Mwenye eneo la kutosha, anayetaka aina ya kusajili, aanze na mbegu: Tanzania ni mwanachama wa UPOV, umoja wa kimataifa wa kulinda aina mpya za mimea, tangu 2015, na aina inayolindwa sharti iwe mpya, ya kipekee, yenye mimea inayofanana na isiyobadilika.