Mashua ndogo ya tanga ya kuvutwa na gari: kagua tela kwanza

Ujumbe ninaopokea kuhusu mashua za tanga za mitumba umeanza kufanana. Mtu yuko Dallas, Houston au Oklahoma City, ameona tangazo, amekwenda, amependa. Ameuliza matanga yana umri gani, kitanda kinalaza watu wangapi, injini inawaka. Amelipa. Muda si muda yuko kando ya barabara kuu, gurudumu la tela linafuka moshi, na mwenye gari la kukokota anataka theluthi ya bei ya mashua ili amfikishe nyumbani. Mmoja aliniandikia: "Dada, hata maji haijagusa."

Kwa hiyo humu hutaona habari za urefu, kasi wala rangi. Hayo muuzaji atakueleza bila kuulizwa. Mimi nashughulika na tela, hasa beringi zake, na mashua nimezipanga kwa kuangalia zinavyoitesa au kuihurumia hiyo tela. Anayetaka mashua ya mashindano atafute kwingine.

Beringi zinaharibikaje? Magurudumu ya tela ni madogo, mengi ya inchi 12 au 13, hivyo kwa mwendo uleule yanazunguka mara nyingi kuliko ya gari lako. Baada ya saa nzima kwenye lami ya Julai, habu, yaani vitovu vya magurudumu vinavyobeba beringi, zimepata moto. Unafika ziwani, unarudi kinyumenyume hadi majini. Hewa iliyomo ndani ya habu inapoa ghafla, inasinyaa, na kuvuta maji kupitia sili, ule mpira wa kuzibia. Maji yanachanganyika na grisi, tela inaegeshwa nyuma ya nyumba tangu vuli hadi majira ya kuchipua, kutu inakula chuma taratibu. Anayekuja kuvuna ni wewe mnunuzi. Dawa yenyewe haina gharama: ukifika, simamisha mlingoti kwanza, kunywa chai, habu zipoe, ndipo ushushe. Na ukisimamisha mlingoti tazama juu. Ni aluminiamu, na nyaya za umeme hupita karibu na gati nyingi kuliko unavyodhani. Watu wamekufa hivyo.

Nenda na jeki. Inua gurudumu, lizungushe kwa mkono, sikiliza. Likikwaruza kama linasaga mchanga, beringi zimekwisha. Lishike juu na chini ulitikise; likicheza, kuna shida. Bandua kifuniko cha habu: grisi iliyogeuka nyeupe kama maziwa imeingia maji. Kisha soma tairi. Ubavuni, mwisho wa mfululizo wa namba unaoanza na herufi DOT, kuna tarakimu nne: 2316 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2016. Tairi la tela huzeeka kwa miaka hata kama mistari yake bado ina kina, na muuzaji atakuonyesha hiyo mistari kwa fahari. Gonga fremu kwa nyundo ndogo, hasa ile ya bomba, kwa sababu huoza kuanzia ndani. Mwisho, omba muizungushe mtaani dakika kumi, kisha gusa habu. Joto la kawaida si neno. Ukishindwa kuacha mkono hapo, shusha bei au rudi nyumbani.

1. West Wight Potter 15. Sifichi, huyu ndiye kipenzi changu na nitampendelea. Ilibuniwa Uingereza na Stanley Smith, baadaye ikaundwa miaka mingi California. Ina uzito wa takriban kilo 215. Kilo 215! Tela yake haina cha kulalamikia, na magari mengi ya familia yanaivuta, ingawa soma kitabu cha gari lako kwanza. Bamba lake la katikati, lile linaloshushwa majini ili mashua isiende upande, likiinuliwa, mashua inaelea kwenye maji yasiyofika magotini, kwa hiyo unaishusha huku habu zikilowa kidogo tu. Mlingoti unausimamisha peke yako. Ni ya polepole, inaruka kila wimbi, na ndani utakaa umejikunja. Sijali. Kuna mtu aliwahi kwenda nayo hadi Hawaii. Wewe unakwenda Lake Lewisville, ziwa la karibu na Dallas. Ile kubwa, Potter 19, ina uzito wa kilo 550 hivi na bamba zito la kuinuliwa kwa winchi. Nzuri pia, ila hapo umeshaongeza waya mmoja wa kukagua.

2. Com-Pac 16. Kazi ya Clark Mills wa Clearwater, Florida, yule aliyebuni Optimist, kile kimashua cha watoto, mwaka 1947. Mkuku wake, ule uzito wa chini unaoizuia isipinduke, umegandishwa na mwili wa mashua: hakuna winchi, hakuna waya, hakuna pini ya kukatika. Kwa anayejifunza ni raha, maana imetulia majini. Lakini mkuku huo unahitaji maji ya sentimita 46, na mashua imekaa juu ya tela, kwa hiyo itakubidi uizamishe tela sana. Habu zinaoga kila safari. Ndiyo maana imekuwa ya pili.

3. Catalina 22. Frank Butler aliianza mwaka 1969 na zimeundwa zaidi ya 15,000, kwa hiyo vipuri ni vingi na kila ziwa lina mtu anayeijua. Mashua yenyewe sina ugomvi nayo. Ni karibu tani moja kabla hujaweka injini, nanga na maji ya kunywa. Ukijumlisha tela, umevuka pauni 3,000, ambapo majimbo mengi yanadai breki za tela, na breki zinazolowa kila wiki nazo zina hadithi yake. Mkuku wa chuma wa kilo 250 unaning'inia kwa waya. Barabarani unatakiwa ulazwe juu ya tela, usiachiwe waya. Chungulia chini. Ukikuta waya umekazwa na mkuku haujagusa mbao, mwenyewe hajui alichonacho.

4. MacGregor 26. Zile za zamani hujaza maji tumboni ili zitulie zikishashuka na kuyamwaga zikipanda, hivyo barabarani ni nyepesi kwa ukubwa wake. Wazo zuri. Tatizo ni kwamba wenye nazo huzigeuza stoo, na uzito unarudi palepale.

Sunfish, kimashua cha wazi cha mtu mmoja au wawili: nafuu, nunua, hutajuta sana. Texas mashua ya tanga isiyo na injini iliyo chini ya futi 14 haisajiliwi, na yenyewe inapungua kidogo hapo. Aliyekulia Pemba au Lamu atalitambua tanga lake la pembe tatu na foromali, ule mti unaolibeba. Zaidi ya hapo sina la kusema. Mashua ya kupewa bure sizungumzii kabisa.

Sasa wauzaji. Mtu ana mashua ya 1979, ameiacha mvuani, majani yameota kwenye chumba cha mbele, halafu anajumlisha kila alichowahi kununua: redio dola 200, matakia 400, rangi 300, na mnunuzi ndiye wa kumrudishia! Ukitaja beringi anakwambia, "Niliivuta kutoka Oklahoma bila shida." Lini? Mwaka 2011. Tela haina kibao cha namba wala karatasi, "utapata tu ofisini." Hutapata tu, utapanga foleni ya sajili mbili, ya mashua na ya tela, na ya pili ndiyo itakayokutoa jasho. Na maduka nayo: kamba ileile ikihamishiwa rafu ya vyombo vya majini, bei inapanda mara mbili. Seti ya beringi za tela bado ni rahisi kuliko chakula cha mchana cha watu wanne, na ndicho kitu pekee ambacho hakuna anayejisifu kukinunua.

Kujifunza kwenyewe: msiende na mashua yenu siku ya kwanza. Kozi ya ASA 101, ile ya wanaoanza ya chama cha mafunzo ya tanga cha Marekani, au chama chochote cha ziwani chenye mashua za kuazima, itakufundisha kubisha, yaani kupanda upepo kwa kupindapinda, na kupunguza tanga upepo ukizidi. Kurudi kinyumenyume na tela hakuna anayefundisha. Tafuta uwanja mtupu Jumapili asubuhi.

Mwenye kuiona Potter 15 inauzwa Texas au Oklahoma, tela yake ikiwa na karatasi, anitumie tangazo. Kuna mama wa Arlington ananisumbua kila wiki, na jeki anayo tayari.