Mnyoo wa plastiki au bamba linalozunguka: ziwa likibadilika, ufunge kipi?

Ziwa likitulia na maji yakiwa maangavu, nafunga chambo cha mnyoo wa plastiki bila kusita. Samaki aina ya besi huona vizuri, na chambo chenye kishindo humtia wasiwasi. Tumia mshipi mwembamba wa florokaboni (aina ya plastiki isiyoonekana kirahisi majini) na chubwi ndogo, ncha ya ndoana ikiwa imefichwa ndani ya mnyoo isinase majani. Kisha subira: tupa, acha uzame hadi chini, vuta kidogo, tulia. Mara nyingi besi huumeza ukiwa bado unazama, na mkono hausikii kitu. Unaona tu mshipi unahama taratibu kwenda kando. Usiukodolee macho tu! Kunja ulegevu wa mshipi, kisha vuta fimbo kwa nguvu ndoana imnase.

Upepo ukivuma au mvua ikileta tope, mambo yanageuka. Hapo besi hutegemea mstari wa ubavuni, yaani kiungo cha hisia kilicho ubavuni mwake, kuhisi mtikisiko wa maji, na mnyoo hautikisi kitu. Funga chambo cha bamba, yaani chenye kipande cha chuma kinachozunguka kikivutwa, kwa mshipi mnene. Bamba la duara hutikisa zaidi, hivyo linafaa tope. Lile jembamba kama jani linafaa maji yenye mwanga. Tupa kwenye ufuko unaopigwa na upepo, maana visamaki husukumwa huko.

Maji yakiwa baridi sana, rudi kwenye mnyoo, polepole.

Ziwa usilolijua? Mimi huanza na bamba, kwa kuwa hupekua eneo kubwa haraka. Nikimpata mmoja, naupitisha mnyoo palepale.