DM wa kulipia kamuua dada wa mhusika wangu kwa sentensi moja

Kwanza niseme sina shida na kulipia gemu. Kupata kikundi cha Dungeons & Dragons (gemu ya mezani, kila mtu anaigiza mhusika wake kwenye hadithi na dadu ndo zinaamua) huku mtaani ni kazi, kwa hiyo nikajiunga na huduma moja (jina silitaji), unalipa dola kwa kila sesheni, wanakutafutia DM (dungeon master, yule anayesimulia na kuendesha gemu) na wachezaji wa nchi tofauti, mnakutana mtandaoni kwenye Discord. Hadi hapo safi.

DM wetu akasema kila mtu alete bakistori, yaani maisha ya mhusika wake kabla gemu haijaanza. Hapo ndo pangu sasa. Nikamtengeneza Odrin, halfling (vile vijitu vifupi), karani wa kivuko, ameiba sanduku la nauli akala kona, tajiri wake akamshika dada yake Pela mpaka hela irudi. Basi. Anaingia mapangoni kwa sababu ana deni na ana mtu wa kumkomboa. Kile kitabu cha wachezaji cha 2014 kilikuwa kinakuuliza mtu wako ana tabia gani, anaamini nini, kamfungamania nani na udhaifu wake upi, toleo la 2024 wakazitoa zile jedwali, mi naona waliharibu, hadi leo naanzia palepale. Mtu asiye na wa kumpoteza anaenda kupigana na joka ili iweje?

Jibu la DM: "Ndefu. Ua familia, ndo rahisi."

Yaani nilicheka kwa hasira. Wachezaji kibao wanajifanya yatima kwa kuogopa DM atawateka ndugu zao, sasa mi nimekuletea ndugu ametekwa tayari, nimekufanyia nusu ya kazi, unaniambia niue?

Nikakausha, tukacheza. Na kusema ukweli jamaa anajua, goblin wake (vile vijitu viovu mnavyopigana navyo) wana sauti hadi unasahau umekaa chumbani, vita haziboi, na kuna siku tulifika mtoni mtoza ushuru akamkazia macho Odrin akasema "wewe sura yako naijua", nikaruka kwenye kiti. Siku ile ningempa nyota tano na tipu juu.

Halafu tumefika mjini. Nauliza habari za Pela, nina dhahabu mkononi, ndo kitu nilichokuwa nakisubiri tangu mwanzo. Anasema: "Alishakufa, homa. Haya, rusheni dadu ya nani anaanza." Hakuna kaburi, hakuna tajiri, hata dadu moja sikurusha kwa ajili yake! Nikaomba dakika mbili tu Odrin aulize amezikwa wapi, ananiambia, "Hiyo haimo kwenye hadithi yangu." Hadithi YAKE. Na sisi tunaolipa ni nani, watazamaji?

Najua anaendesha kisa cha kununua kilichoandikwa tayari, muda mchache, watu wenyewe hawajuani, sawa, angesema mapema ningekuja na yatima kama wenzangu. Nilitaka kusema labda hakusoma bakistori yangu, ila yule mtoza ushuru wa mtoni alitoka wapi? Alisoma! Alisoma na bado akaua. Nilikuwa naandika nyota tatu, weka mbili. Hapana, moja, na hiyo ni ya goblin.

Mwezi ujao nimeshalipia na hela hairudi, kwa hiyo nitakuwepo. Mhusika mpya ana mama, baba, bibi wawili, wadogo zake tisa na mchumba, kila mmoja ana jina na anamdai kitu. Aanze kuua.