Kamusi ya Cambridge ya mtandaoni: msaada kwa anayechanganya maneno ya Kiingereza

Msemaji wa Kiswahili anayeandika Kiingereza hukanganywa na maneno ya aina mbili, na ubora mkubwa wa Kamusi ya Cambridge ya mtandaoni ni kwamba humwezesha kuzitenganisha. Aina ya kwanza ni maneno ambayo hata Mwingereza huyatamka sawasawa, kama “principal”, mkuu wa chuo, na “principle”, kanuni. Aina ya pili ni yale ambayo Mwingereza huyatofautisha bila shida, ila sikio letu lililozoea irabu tano huyapokea kama neno moja: “hat”, “hut”, “heart” na “hurt” wengi wetu huyatamka yote kwa “a” ile ile.

Karibu kila neno lina alama za matamshi na vitufe viwili vya sauti, kimoja cha Uingereza na kingine cha Marekani. Ukifungua “stationary”, kilichosimama, kisha “stationery”, vifaa vya kuandikia, utakuta alama hazitofautiani, na hapo unajua kwamba kusikiliza zaidi hakutakufaa. Kilichobaki ni kukariri tahajia. Ukifungua “lose”, kupoteza, na “loose”, kilicholegea, la kwanza linaishia kwa sauti ya “z” na la pili kwa “s”, kwa hiyo anayerekebisha matamshi yake hurekebisha na maandishi. Jozi iliyonivutia zaidi ni “caught”, kukamatwa, na “court”, mahakama: Uingereza ni sauti moja, ilhali Wamarekani wengi huitamka “r” ya “court”. Mwanafunzi anayesoma Kiingereza cha Uingereza shuleni na kutazama filamu za Marekani nyumbani anavihitaji vitufe vyote viwili.

Sehemu ya sarufi ina kurasa za maneno yanayochanganywa, kama “affect” na “effect”, zenye mifano mifupi iliyo wazi. Hata hivyo, kurasa hizo zimeandikwa kwa wanafunzi wa dunia nzima, hivyo haziwezi kufuata matatizo ya kila lugha, na jozi zinazomtatiza Mswahili itabidi azitafute mwenyewe neno kwa neno. Huduma ni ya bure, ina matangazo, na inahitaji intaneti.

Ningependa walimu wa sekondari waitumie darasani: mwalimu aandike jozi ubaoni, wanafunzi wabashiri kama alama zitafanana, ndipo awasikilizishe sauti.