Uzoefu wangu na Blacula (1972): mwana wa mfalme aliyebambikwa jina

Bibi yangu mzaa mama, kule Tanga, alikuwa na neno moja tu la kutuingiza ndani jua likizama: "Haya, mumiani wanapita." Zamani mumiani lilikuwa jina la dawa nyeusi kama lami iliyokuwa ikiuzwa pwani. Watu wakaamini imetengenezwa kwa damu ya binadamu, na jina likawahamia wale waliosemekana kuikusanya damu hiyo. Kwingine Tanganyika waliwaita chinjachinja, Kenya na Uganda wakawaita wazimamoto. Mnyonya damu wa bibi hakuwa na meno marefu wala joho. Alikuwa na gari, na ndoo, na wakubwa waliomtuma.

Naanza na bibi kwa sababu bila yeye nisingeielewa Blacula, filamu niliyoitazama mara nne sasa na ambayo bado nawabembeleza watu waione. Wengi wakisikia jina wanacheka na kupita. Wasipite.

Filamu inaanza mwaka 1780. Mamuwalde, mwana wa mfalme kutoka Afrika, amefunga safari na mkewe Luva mpaka Transylvania, kumwomba Dracula, yule mnyonya damu wa hadithi za Ulaya, asaidie kukomesha biashara ya utumwa. Wamekaa mezani, wanazungumza kwa adabu zote. Kisha mwenyeji anaanza kuutetea utumwa, anamtazama Luva kama mtu anayekagua bidhaa, na adabu inaishia hapo. Mamuwalde anang'atwa shingoni. Kabla hajafungiwa kwenye jeneza, Dracula anamtupia jina jipya, linalotokana na jina lake mwenyewe: Blacula. Luva anaachwa kwenye chumba kilekile mpaka afe, akimsikia mumewe ndani ya sanduku.

Nilisimamisha filamu hapo nikakaa kimya. Mtu aliyekulia pwani, kati ya Pangani na Bagamoyo, haelezwi maana ya kupewa jina na anayejiona amekununua. Na mnyonya damu ni yuleyule wa bibi: mwenye ngome, mwenye watumishi, anayekukaribisha chakula. Nimeona filamu nyingi za wanyonya damu, na hii ndiyo ya kwanza iliyonionyesha waliponyonywa watu wetu.

Baada ya hapo tunaruka mpaka Los Angeles ya 1972. Wapambaji wawili wa nyumba wamenunua vitu vya ngome, jeneza likiwemo, na mambo yanachanganyika. Ni filamu ya kutisha, ni ya upelelezi, ni ya mapenzi, na katikati yake mna klabu ambamo kundi la The Hues Corporation linaimba huku watu wakicheza. Mchanganyiko huo ndio wapenzi wa sinema za bei rahisi za wakati ule wanaoufuata. Zilitengenezwa haraka, kwa fedha kidogo, zikaonyeshwa mbili kwa tiketi moja kwenye kumbi za mjini walizoziita grindhouse, kopi ikizungushwa mpaka ikachubuka. Mtengenezaji alijua mtazamaji mmoja amekuja kuogopa, mwingine kusikia muziki, mwingine amekuja na mchumba wake, na kila mmoja alipaswa kutoka na chake. Mapishi hayo mara nyingi huungua. Hapa yameiva, kwa sababu kuna kitu kimoja kinachoshika vyote: mtu anamtafuta mkewe. Mamuwalde anakutana na Tina, aliyefanana na Luva kama pacha (Vonetta McGee anacheza wote wawili), na kuanzia hapo kila anayeumwa shingo anaumwa njiani kuelekea kwa Tina. Unamwogopa na kumwonea huruma kwa pamoja.

Sifa kubwa nampa William Marshall. Alikuwa mwigizaji wa jukwaani, amecheza Othello wa Shakespeare mara kadhaa, na sauti yake nzito inatoka chini kabisa ya kifua. Hadithi ilivyoandikwa mwanzo, mhusika huyu aliitwa Andrew Brown. Marshall ndiye aliyesisitiza awe mwana wa mfalme wa Kiafrika, aliyekwenda Ulaya kwa ajili ya watu wake. Mwongozaji William Crain, naye Mweusi, alimwachia nafasi. Tazama anavyomrudishia Tina mkoba alioudondosha akimkimbia barabarani usiku uliotangulia. Anaingia klabuni, anaukabidhi, anaomba radhi kama mtu wa ukoo mkubwa. Meza nzima inamsogezea kiti. Hakuna damu hata tone, na mimi nilishika mto.

Kipande cha kutisha kuliko vyote hakimhusu hata yeye. Juanita Jones, dereva wa teksi aliyeigizwa na Ketty Lester, amelazwa chumba cha maiti. Daktari amempigia simu mlinzi, Sam, mwenye kulabu badala ya mkono, na kumwagiza afunge mlango wa chumba kile. Sam anasahau. Juanita anatokea mwisho wa korido, mikono mbele, mdomo wazi, na filamu inapunguza mwendo kiasi kwamba unaweza kuhesabu hatua zake. Sam ameupa mgongo mlango, yuko na simu yake. Ni sekunde chache tu, hakuna ufundi wa gharama ndani yake, na nimekiona kipande hicho ndotoni mara mbili.

Kasoro zipo. Popo wa kuchorwa anaonekana wazi kuwa wa kuchorwa, na nywele zinazomwota Mamuwalde mashavuni akishikwa na kiu hazikumsaidia mtu. Kinachoniudhi kweli ni wale wapambaji wawili, Bobby na Billy: filamu inawadhihaki na kuwatukana, wakiwa hai na hata wakishakufa. Filamu iliyosimama imara dhidi ya kudharauliwa kwa binadamu haikupaswa kufanya hivyo.

Kuhusu kuipata: mara ya kwanza niliiona kwenye diski moja ya filamu kumi na mbili. Muuzaji aliapa kopi ni safi, lakini picha ilikuwa imefifia na matukio ya usiku, ambayo ndiyo mengi, yalikuwa ukungu wa kijivu. Baadaye binamu yangu aliniletea Blu-ray kutoka Marekani, yenye hii na filamu ya pili pamoja. Deki yangu ikagoma, kwa sababu Blu-ray hugawiwa kwa kanda, yaani maeneo ya dunia: diski ile ya Marekani ilikuwa ya kanda A na huku kwetu ni kanda B. Ukiagiza, ulizia hilo kwanza, au uwe na deki inayosoma kanda zote. Nilipoazima ya namna hiyo ndipo nikaona rangi: joho, taa za klabu, jasho usoni kwa Marshall. Ina dakika 93. Damu si nyingi, ila watoto wadogo wakae kando.

Anayetaka kuendelea atafute Ganja & Hess ya 1973. Bill Gunn alipewa fedha atengeneze ya kufuata mafanikio ya Blacula, akatengeneza kitu kizito, cha polepole, chenye ndoto na kanisa ndani yake, na baadaye filamu ikakatwakatwa. Hiyo si ya usiku wa kuchoka.

Sasa nasema mwisho, kwa hiyo asiyetaka kuujua aishie hapa. Tina, aliyepigwa risasi na polisi na kugeuzwa mnyonya damu na Mamuwalde ili asimpoteze, anauawa mara ya pili, kwa kigingi cha polisi, baada ya kufunguliwa jeneza lililodhaniwa kuwa na Mamuwalde. Baada ya hapo hakuna wa kupigana naye. Mamuwalde anapanda ngazi mwenyewe, moja moja, mpaka juani. Kwenye filamu nzima hajajiita kwa jina lile hata mara moja. Kila anapojitambulisha ni Mamuwalde. Kisha ikaja ya pili, Scream Blacula Scream ya 1973, yenye Pam Grier, dhaifu kuliko hii kwa mengi. Lakini kuelekea mwisho mtu anamwita Mamuwalde, naye, amekasirika, anamkatiza kwamba jina lake ni Blacula. Niliirudisha nyuma nisikie tena ile sauti. Alikuwa amelikataa jina lile tangu 1780.